Kumi na Tisa kwa Kila Bega

Kapteni Djaanfar alisilimu siku ya Alhamisi, na Ijumaa akaswali safu ya mbele kwenye msikiti wa Badjanani, kule Moroni, akiwa na kofia ya kuazima. Jina alilozaliwa nalo hatukuambiwa. Alikuwa mmoja wa wale wazungu wa kukodiwa waliotushukia mwaka 1978 na bunduki zao, wakaangusha serikali watu hawajapiga mswaki, kisha wakakaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hawa walikuwa na miaka sita na hakuna aliyethubutu hata kuwaonyesha jembe lilipo.

Ulipofika mwaka 1984 Kapteni akafanywa mshauri wa michezo. Alisema ujanani aliwahi kufundisha mazoezi ya viungo shuleni kwao. Huenda ni kweli. Nani angemwomba cheti mtu mwenye bastola kiunoni?

Mimi naitwa Echat. Kazi yangu ni viungo: mabega, magoti, migongo iliyovunjika na kuungwa vibaya. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, nikasomea uuguzi huko, nikarudi visiwani kwetu baada ya Mapinduzi, na mwishowe nikaajiriwa hospitali ya Hombo, Mutsamudu, kisiwa kingine na Moroni. Unguja waliniita Mngazija, Moroni wakaniita Mzanzibari, Mutsamudu wananiita yule mama wa Moroni. Kiswahili ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo vizuri, ndiyo maana nayaandika haya kwa Kiswahili.

Barua ilinifikia mwezi wa Machi. Chuo cha ualimu cha Moroni kilikuwa na wanamichezo wanane, warushaji na wachezaji wa mpira wa mikono. Kapteni alitaka kupima nguvu za mabega yao na namna yanavyofanya kazi, na alihitaji mtu anayejua mifupa amwandikie tarakimu. Atakayeonekana bora angepewa nafasi moja iliyokuwapo: miaka mitatu Dakar, kusomea ualimu wa michezo.

Kabla sijaondoka kwenda Ouani kupanda ndege, jirani yangu Zouhoura aligonga. Mumewe aliuawa ng'ambo, Majunga, mwaka 1976, pamoja na Wakomori wengi wengine, na kilichombakia ni kijana mmoja, Toihir, mrusha mkuki wa kile chuo. Toihir alikuwa akirusha kwa mkono wa kushoto. Utotoni mama yake alikuwa akiufunga mkono ule kwa kitambaa wakati wa kula ili ajifunze kutumia wa kulia. Kwenye wali mkono wa kulia ulishinda; kwenye mawe na maembe haukufua dafu.

"Akienda Dakar atarudi mwalimu," Zouhoura aliniambia. "Mwalimu hawamgusi. Lakini akibaki hapa na mwili ule, wale wazungu wa kambini watamchukua. Wanawachukua wote wenye nguvu, Echat, nawe unajua. Mwangalie mwanangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni kama nimeshamfikisha Dakar. Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Moroni walitupa darasa lenye madirisha mawili ya nondo. Kapteni alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mvi, tumbo, na miguu myembamba isiyojua tumbo lile limetoka wapi. Kando yake alisimama Mouridi, mkuu wa michezo, mwenzetu huyu, aliyevaa tai katika joto la Machi na kuitikia kabla hajasikia. Kifaransa cha Kapteni nakitafsiri hapa. Ujinga wake hauhitaji tafsiri.

Tulianza na maswali, yaliyopigwa chapa huko Ulaya. Swali la kwanza: Je, unavaa koti lako bila maumivu? Wale vijana wanane wakanitazama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki koti. Swali la pili: Je, unaifikia rafu ya juu jikoni? Saïndou, mrusha tufe, mpwa wake Mouridi, akajibu kwa fahari kwamba yeye haingii jikoni. Kapteni akaandika: hawezi.

Kisha likaja lile lenyewe: Bega linakuuma?

"Alhamdulillah," akasema wa kwanza.

"Alhamdulillah," akasema wa pili, ambaye bega lake nililisikia likisaga nikiwa mlangoni.

Wanane, alhamdulillah nane. Kapteni akaandika kwamba hakuna mwenye maumivu. Mtu aliyekwisha kuoa kwetu na kuswali nasi miaka mizima alikuwa hajagundua kwamba Mkomori husema alhamdulillah hata akiwa na homa ya malaria na mguu kwenye plasta, kwa sababu kumjibu mgeni kwa malalamiko ni ukosefu wa malezi. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufumba. Nilitaka nione atafika wapi.

Baada ya maswali ilikuja mashine. Ilikuwa kitu cha kushika mkononi, chenye mpini, kisahani cha sponji na saa ya mshale wa kuonyesha kilo. Kijana hukaa kitini, kiwiko kimegusa mbavu, ngumi mbele. Mpimaji huiweka mashine kwenye kifundo cha mkono, na kijana husukuma kuelekea kitovu chake kwa nguvu zote, huku mpimaji akizuia asisogee. Ndiyo nguvu ya kurusha hiyo. Kazi hii ina sharti moja tu, nalo nililijua tangu nikiwa mwanafunzi: mpimaji awe na nguvu kuliko anayepimwa.

Saïndou akasukuma. Kapteni akawa mwekundu kama pweza aliyechemshwa, akayumba, mashine ikarudi nyuma.

"Kumi na tisa," akasoma. Nikaandika kumi na tisa.

Wa pili, kumi na tisa. Wa tatu, kumi na tisa. Abdou, mlinda lango mwenye shingo nene kuliko paja langu, kumi na tisa. Wanane wote, na kila safari Kapteni anayumba pale pale, na kila safari anashangaa. Alimwambia Mouridi kwamba hajapata kuona kundi lililolingana hivi. Mouridi akasema ni matunda ya mafunzo mazuri.

Mtu mzima alikuwa akipima bega lake mwenyewe asubuhi nzima, na mimi nikimwandikia.

Kisha tukaja upande wa kushoto, na hapo ndipo nilipong'ata kalamu nisicheke. Fikiria: mzee mwenye mvi amekuinamia, uso wake uko shubiri mbili na wako, nawe unaambiwa umsukume kwa mkono wa kushoto. Mkono wa msalani! Kila kijana alifanya tunavyofanya sote tukilazimika kumpa mkubwa kitu kwa mkono usiofaa: aliweka kiganja cha kulia chini ya kiwiko cha kushoto, akainamisha macho, akasukuma kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto.

Saba. Nane. Sita. Saba.

Kapteni alifurahi kama aliyevumbua dawa. "Andika," aliniambia. "Bega la kushoto la Mkomori ni dhaifu tangu kuzaliwa."

"Kweli kabisa, Kapteni," akasema Mouridi. "Nimeliona hilo siku nyingi." Alisema hivyo akiwa amekumbatia majalada matano kwa mkono wa kushoto.

Toihir alikuwa wa mwisho. Kijana mrefu, mpole, mwenye macho ya mama yake. Kulia, kumi na tisa kama umma wote. Kushoto, sita.

"Mrusha mkuki wa mkono wa kushoto mwenye kilo sita!" akasema Kapteni. "Afadhali arushe sindano." Wakacheka, Mouridi akacheka kirefu zaidi, na Toihir akatabasamu kwa heshima.

Ningeweza kumvuta Kapteni kando nikamwambia kwa sauti ya chini kosa liko wapi. Angeona haya kidogo, angerudia, yakaisha. Sikutaka yaishe hivyo. Nilitaka kumwumbua, tena mbele ya watu, na nilitaka nilale na utamu wake usiku mmoja kabla sijafanya.

Kitu kimoja nilikiona siku ile, nacho sikukipa uzito. Karatasi ya tarakimu ilikuwa na safu ya jina, safu ya kulia, safu ya kushoto, na safu ya mwisho isiyo na kichwa. Hiyo Kapteni hakunipa niijaze.

Alasiri Toihir alinisindikiza hadi Badjanani, kwa jamaa zangu nilikofikia. Njia pale ni nyembamba, tukawa tunapishana na watu mmoja mmoja, kila mtu na salamu yake. Nilimuuliza kwa nini hakusukuma.

"Bweni," akasema, kwani ndivyo wanavyomwita mwanamke wa heshima, "ningemsukumaje mzee kwa mkono wa kushoto?"

"Mzee! Yule?"

"Ana mvi."

"Hata mbuzi ana mvi. Kesho utasukuma, nami nitakupa cha kusukuma kisicho na mvi."

Tukafika mlangoni. Kisha akasema, "Pengine tuache, bweni. Leo aliniita pembeni akaniuliza nina uzito gani, na kama naogopa sauti kubwa."

"Ukamjibuje?"

"Nikasema siogopi, alhamdulillah."

Nilicheka. Wallahi nilicheka. Nikamwambia yule ni debe tupu, asibabaishwe naye.

"Mama husema mkono usioweza kuukata, ubusu," akasema Toihir.

"Wa Kapteni nimeshaupima," nikamjibu. "Una kilo kumi na tisa."

Asubuhi nilifika na mkanda wa sanduku langu la safari. Nikamwomba Kapteni, kwa upole uliojaa sumu, aniruhusu nijaribu namna nyingine. Nikaufunga mkanda kwenye nondo za dirisha, nikaachia kitanzi, na mashine nikaiweka kati ya kitanzi na kifundo cha mkono. Hakuna wa kuyumba, na hakuna wa kumwonea haya. Niliwaita tena vijana wote, na Mouridi, na walimu wawili waliokuwa wakipita barazani.

Saïndou, kulia: ishirini na mbili. Abdou: ishirini na nne. Yule aliyekuwa akisaga alisukuma mpaka ishirini akapiga ukelele, na ikawa mara ya kwanza kwa Kapteni kusikia bega la Mkomori likisema kweli. Minong'ono ikaanza. Mikono ya kushoto nayo ikafufuka: kumi na nane, ishirini, ishirini na moja.

Toihir akakaa kitini. Nikamwekea mashine kushoto.

"Sukuma," nikamwambia. "Nondo si mzee wa mtu. Usiionee haya."

Alivuta pumzi akasukuma. Mkanda ukalia, nondo ikatoa vumbi la kutu. Mshale ulipita kumi na tisa bila hata kuaga, ukaenda, ukasimama. Thelathini na moja. Niliisoma kwa sauti, halafu nikaisoma tena kwa ajili ya walioko barazani.

Ningeishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

"Na sasa wewe, Kapteni," nikasema. "Tupate na kipimo cha mwalimu."

Hakuwa na pa kukimbilia, watu walikuwa wamejaa mlangoni. Akakaa. Akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Nikainama, nikasoma polepole, kwa Kifaransa, kisha kwa lugha ya nyumbani ili asibaki mtu gizani:

"Kumi na tisa."

Kicheko kilianzia kwa Abdou kikazunguka chumba kizima. Hata mmoja wa walimu aliziba mdomo kwa daftari. Ilikuwa tamu, sitasema uongo. Miaka sita tulikuwa tumewaamkia, tumewapisha njia, tumewaozesha. Na sasa mmoja wao alikuwa kwenye kiti cha darasani na tarakimu yake imejulikana. Toihir peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa akijifunga vifungo vya shati, akitazama sakafu.

Kapteni hakukasirika. Hilo lingenishtua, kama ningekuwa na akili siku ile. Alisimama, akajipangusa jasho, akanipa mkono. "Umetusaidia sana, mama," akasema. Akachukua karatasi, akatoa penseli mfukoni, akaweka alama ya msalaba kwenye safu ile isiyo na kichwa, mbele ya jina la Toihir.

Nilidhani ni Dakar. Nilirudi Mutsamudu na kichwa kimejaa upepo, nikamwambia Zouhoura kila kitu, pamoja na pweza, pamoja na debe tupu. Alinishika mikono yote miwili, akaniletea mkate wa nazi siku tatu mfululizo.

Wiki ya tatu habari zikaja. Wa kwenda Dakar alikuwa Saïndou. Toihir alikuwa amefuatwa chuoni na gari la kambini, alfajiri, na karatasi yenye jina lake. Walitaka mtu wa kubeba mzinga mgongoni na kupanda nao mlimani, na walitaka asiyeogopa sauti kubwa.

Nilipanda ndege kwa gharama yangu nikaenda kumkabili Mouridi ofisini kwake. Alikuwa na tai ile ile. Aliniambia, bila hata haya, kwamba nafasi ya Dakar ilikuwa ya Saïndou tangu Januari, na kwamba kipimo chote kile kilikuwa cha kambini.

"Ulijua?"

"Kila mtu alijua, bweni. Ndiyo maana vijana walisukuma kidogo. Kapteni alitafuta atakayemzidi, na wote wakaishia kumi na tisa."

"Mwongo. Kwa mkono wa kulia walisukuma kweli, nimewaona."

"Basi kwa wa kulia walisukuma kweli," akasema, kwa kuwa yeye hubishana na mtu mpaka pale tu panapoanza kazi. "Lakini karatasi ya siku ya kwanza haikuwa na wa kuchaguliwa. Wangeichoka, wangeiacha. Wewe ndiye uliyemletea thelathini na moja."

Nilimtazama yule mtu ambaye nilikuwa nimemdharau kuliko wote, na kwa mara ya kwanza hakuwa amesema upuuzi. Mdharau mwiba mguu huota tende, wasema wahenga. Hawakusema kwamba mguu wenyewe waweza kuwa wa mtu mwingine.

Zouhoura hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningepumua. Aliacha tu kuleta mkate, na tukikutana njiani alinisalimu vizuri, kama anavyosalimiwa yule mama wa Moroni.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, alikuja hospitali ya Hombo na mwanawe. Teksi iliwashusha langoni nikawaona kutoka dirishani. Gari la kambini lilikuwa limepinduka mlimani wakati wa mazoezi, na sahani ya chuma ya kukalishia mzinga ikamwangukia Toihir. Bega la kushoto lilitoka mahali pake, na mmoja wa wale wa kambini akalirudisha kwa kulivuta huku ameweka buti kwapani mwa kijana. Walimweka miezi miwili wakiona halifai kitu, wakamrudisha kwa mama yake.

"Kwezi, bweni," akaniamkia.

"Mbona," nikaitikia, kama wanavyoitikia huku, nikamvutia kiti.

Nilimkalisha. Bega lilikuwa limeshuka, nyama ya juu imeliwa na kutotumika. Hombo hatukuwa na mashine ya kupimia, na hata ingekuwapo nisingeigusa. Nilitumia mkono wangu mwenyewe, mkono wa mwanamke wa miaka arobaini na minne, usioweza kuzuia hata mlango wa upepo. Nikamwambia aweke kiwiko kwenye mbavu. Nikamshika kifundo cha mkono. Zouhoura alisimama nyuma ya kiti, ameshika ncha ya leso yake.

"Sukuma."

Nikahisi kitu kidogo kwenye kiganja changu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Na mimi, mjinga mimi, nikafurahi. Nikadhani ni ile adabu yake.

"Sukuma, Toihir," nikasema. "Hapa mimi si mkubwa wako. Usinionee haya."

Akainua macho ya mama yake akanitazama, kwa upole, bila kinyongo chochote.

"Sikuonei haya, bweni," akasema. "Hizo ndizo nguvu zote."